Kamshafti ya Nakuru

Jumapili ile Lakhbir Singh aliingia kwa mlango wa nyuma, mlango wa jikoni, kama ndugu wa nyumba, mikononi kabeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kilemba. Edah ndiyo kwanza alikuwa anavua kofia ya kanisani. Alimvutia mgeni kiti, akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

"Chai baadaye, Mama Magdalene," Lakhbir alisema. "Boi yuko wapi?"

Boi! Edah akauma ulimi. Mumewe alikuwa mtu mzima, ana mke, ana mtoto, ana nyumba ya kupanga hapa Lozells, Birmingham, na kiwandani Wazungu kadhaa hawafungui mashine mpaka yeye aseme. Lakini kwa Lakhbir alikuwa bado yule boi wa spana wa gereji ya Kisumu, wa kuosha vyuma na kufagia chini. Mwenyewe hakujali. Mzee ananiita alivyozoea, ndivyo alivyosema kila mara. Edah hakuzoea, wala hakuwa na nia ya kuzoea.

"Bethuel yuko juu, anabadilisha nguo," alijibu, akilitamka jina polepole ili lisikike. Halikusikika.

Bethuel aliposhuka, Lakhbir alikifungua kile kitambaa mezani, kando ya bakuli la sukari. Ndani mlikuwa na chuma cha mviringo, kirefu kuliko shubiri, kinang'aa kwa mafuta, kina vinundu vinne. Bethuel aliketi ghafla.

"Ni ile?"

"Ni ile."

"Ile ya Nakuru, Fundi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Bethuel alimgeukia mkewe. "Hii niliiosha kwa mafuta ya taa kila baada ya mbio. Hakuna mwingine pale gereji aliyeruhusiwa kuigusa."

Edah hakuwa fundi, lakini huwezi kuolewa na Bethuel usijue kamshafti ni nini. Injini hupumua kwa valvu, na kinachoziamuru valvu zifunguke lini na kwa muda gani ni kamshafti. Ukitaka injini iwe na tabia nyingine, ibadilishie kamshafti. Hii Lakhbir aliichonga kwa mkono wake, akaitia kwenye pikipiki yake ya silinda mbili, akawashinda watu Nakuru mpaka wakachoka kushindwa. Mwaka wa sitini na nane, Wahindi walipokuwa wanahama Kenya mbiombio, aliacha gereji, mashine na nyumba. Shafti hii alikuja nayo ndani ya sanduku, katikati ya nguo za mkewe Balwinder. Sasa alikuwa anasugua vyuma kwenye kiwanda cha kuyeyushia, mahali ambapo akina Singh ni wengi na wote wanaitwa kwa namba. Birmingham nzima ni nyumba hii tu iliyomwita Fundi.

"Sasa ni yako," Lakhbir alimwambia Bethuel. "Injini yako ni ya aina ileile, itaingia. Tia, upande ule mlima wa Wazungu. Hapa kwangu inalala tu kwa sanduku."

Bethuel aliipokea kwa mikono miwili. Alilia, na hakuficha. Edah naye alifurahi, Mungu ni shahidi, maana mlima ule yeye ndiye aliyekuwa na deni nao kuliko mtu yeyote pale jikoni.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na klabu ya wapenda safari za pikipiki kule Great Barr, na Bethuel alikuwa mgeni wao. Sheria yao: pikipiki ya mgeni ipande mlima fulani wa Wales ikiwa na mizigo yote ya safari, na abiria wake nyuma, bila mguu wa mtu kugusa ardhi. Ukifika juu unavikwa beji, umekuwa mwenzao. Usipofika, utabaki mgeni, na katika klabu hiyo wageni ndio huosha vikombe. Mwaka uliopita injini ilizimika penye kona moja kali, kando ya zizi la kondoo, na Edah alishuka akapanda kwa miguu kwenye mvua huku wake za wanachama wakimpita wamekaa na kumpungia mkono. Mmoja, kwa wema kabisa, alimwambia kutembea kutamtia joto. Edah alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma mashavu mpaka Birmingham. Akaapa kwamba mwaka huu, liwe liwalo, atafika kileleni amekaa.


Bethuel na Lakhbir waliifunga ile shafti Jumamosi mbili mfululizo, na ilipowashwa, majirani walifungua madirisha. Kelele gani ile! Kwenye barabara pana ya Great Barr pikipiki iliruka, Bethuel akapiga vigelegele kama mwanamke wa harusini, na Edah nyuma yake akamshika kiuno akacheka. Alicheka mpaka taa za barabarani za kwanza. Hapo injini ilitetemeka, ikakohoa, ikazima. Taa za pili, vivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata walitoka sokoni na mifuko ya viazi kila upande, Edah amevaa koti lake la hospitali. Kwenye kilima cha karibu na nyumbani, kilima ambacho hata mabibi vizee wanakipanda na mikokoteni yao ya sokoni, injini ilinguruma, ikakosa pumzi, ikafa. Edah alishuka. Bethuel alipiga teke la kuwasha mara kadhaa bila jibu, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, mfuko ukapasuka, na viazi vikaanza safari yao wenyewe kuelekea kituo cha basi. Watu wa kituoni walitazama. Mwanamume mmoja aliuliza kama wanahitaji punda. Edah aliokota viazi kimoja kimoja, huku kifuani bado ana saa ya uuguzi inayoning'inia, na hakumtazama mtu usoni.

"Bado haijazoea," Bethuel alisema walipofika nyumbani.

"Chuma huzoea nini, baba?"

"Nitaongeza petroli kidogo kwenye..."

"Bethuel, nisikilize. Wewe uko mbele, unasikiliza kwa masikio. Mimi niko nyuma, nasikiliza kwa makalio, na makalio hayadanganywi na kelele. Hiyo shafti haina nguvu mpaka ipige mayowe. Pale kwenye kona ya zizi hatutakuwa na nafasi ya kupiga mayowe. Tutakuwa tunakwenda polepole, tumejaa mizigo. Tunataka nguvu ya chini, ile ya kuvuta."

Bethuel alijua. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Kabla ya zawadi ile alishaiona dukani kamshafti nyingine, ya safari, yenye vinundu vya upole, naye alishaamua moyoni kuinunua.

"Ulijua!" Edah alisema, akimsoma usoni. "Ulijua ukanyamaza?"

"Nimwambieje yule mzee? Edah, yule mtu alikuwa na gereji ya kuajiri watu, leo anasugua vyuma. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na amenipa mimi. Si mtoto wake, mimi. Nikimrudishia, nitakuwa nimemwambia hata hicho hakifai."

Edah aliitikia kwa kichwa, maana lilikuwa neno la kweli. Bethuel aliona hivyo, akakosea, akadhani amepata nafasi.

"Mwenyekiti wa klabu amesema iko njia," alisema huku akichezea kijiko. "Wewe unaweza kupanda na gari la chai, lile linalobeba vikombe. Mimi nifunge gunia la mchanga kwenye kiti, nusu ya uzito wako. Wanakubali. Wengine wamewahi kufanya hivyo."

"Nusu ya uzito wangu."

"Ni maneno yake, si yangu."

"Kwa hiyo mimi niende na vikombe."

Magdalene, binti yao, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Mummy, are you going with the cups?"

"Kula viazi vyako," Edah alimwambia. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo ambalo Bethuel aliliogopa kuliko makelele. "Mchana kutwa nageuza wagonjwa vitandani. Nyuma ya hiyo pikipiki ndipo mahali pekee ninapokaa mimi nikabebwa. Sitampa gunia kiti changu. Kama wewe huwezi kusema na Fundi, nitasema naye mimi."

"Utamvunja moyo."

"Sitamwambia chochote," Edah alisema. "Ataambiwa na kiti."


Jumapili alasiri walikwenda na pikipiki mpaka kwa Lakhbir, mitaa michache kutoka kwao. Balwinder aliwafungulia, mikono imejaa unga wa chapati, akawakaribisha kwa Kiswahili chake cha Kisumu kilichonyooka. Lakhbir alitoka na suti ya kwenda gurudwara, hekalu lao, tai shingoni, anauliza, macho kwenye pikipiki, mnyama wake anaendeleaje.

"Fundi, nina ombi," Edah alisema. "Mimi kazi yangu ni wagonjwa, na mgonjwa hatambuliwi kutoka mlangoni. Naomba ukae kiti changu, mpande kile kilima mpaka juu, halafu unieleze unaona nini."

Lakhbir alicheka. "Mimi? Tangu nizaliwe sijakaa nyuma ya mtu. Nikae nyuma ya boi?"

"Nyuma ya Bethuel," Edah alisema.

Bethuel alitazama viatu vyake. Ni Balwinder aliyejibu, akimwita mumewe kwa jina la heshima la Kipunjabi.

"Panda, Sardarji. Au unaogopa?"

Na mwanamume gani ataulizwa hivyo na mkewe mbele ya watu asipande? Balwinder mwenyewe ndiye aliyeleta magunia mawili ya unga yakafungwa pembeni badala ya mizigo ya safari. Wakaondoka kwa kishindo, kilemba cha Lakhbir kimesimama wima nyuma ya Bethuel, na wanawake wawili wakabaki getini wakitazama kilima.

Injini ilinguruma, ikapanda kidogo, ikalegea. Bethuel akabana klachi, akaachia, akabana. Kimya. Wakamwona bingwa anashuka. Wakamwona anazunguka nyuma, anaitupa tai yake begani, anainama na kuanza kusukuma. Balwinder alishika nguzo ya geti akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bingwa wa Nakuru! Anasukuma unga wangu!"

Waliporudi, Lakhbir alikaa kwenye ngazi ya mlango bila kujipangusa viatu.

"Shafti haina kosa," alisema.

"Haina, Fundi," Edah aliitikia haraka. "Haina kosa hata moja."

"Nakuru nilikuwa peke yangu." Aliyasema taratibu, kama mtu anayehesabu upya kitu alichodhani anakijua. "Peke yangu, mafuta nusu tangi. Sikubeba hata spana. Balwinder alikuwa kwenye jukwaa na wanawake wengine."

"Kila mara," Balwinder alisema, kicheko kimekwisha. "Hukuwahi kuniuliza kama nataka kupanda."

Bethuel, kwa wema wake, alijaribu kuziba pengo. "Fundi, dukani iko nyingine, ya safari. Nitanunua ile. Hii yako nitaitundika ukutani sebuleni kwangu, kwa heshima, kila mgeni aione."

Lakhbir alisimama kama aliyechomwa sindano. "Ukutani? Nimekupa chuma au nimekupa picha? Zawadi hairudi, na yangu haitundikwi! Itapanda huo mlima, hiihii. Kama haijui kubeba mtu, tutaifundisha."


Kule Ladywood kulikuwa na Vinubhai, Mhindi wa Kampala mwenye karakana ndogo na mashine ya kunolea inayofuata umbo la kielelezo. Lakhbir, akifuatana na Bethuel na Edah, alimpelekea ile shafti yake pamoja na shafti kuukuu ya safari, iliyochakaa ncha lakini umbo la vinundu vyake bado zuri, iwe kielelezo. Vinubhai aliziweka sambamba, akaelewa anachoombwa, akavua miwani.

"Singh, fikiri tena. Chuma kikitoka hakirudi. Vinundu vya namna hii havipo kwingine. Mtu wa mashindano atakuomba hii kwa magoti."

"Mtu wa mashindano hayupo hapa," Lakhbir alisema. "Kina cha ugumu, ile ngozi ngumu ya juu ya chuma, kinatosha, nimepima. Washa mashine."

Lakini mashine ilipokuwa tayari, yeye mwenyewe hakuwa tayari. Alinawa mikono. Aliishika shafti akapitisha kidole gumba juu ya kila kinundu, kimoja baada ya kingine. Bethuel aligeuka ukutani akijifanya anasoma kalenda. Edah hakugeuka. Kwake yeye, mtu akitoa kitu kama hicho, adabu ni kumtazama.

Edah alitaka kusema basi, Fundi, tuache, tutanunua nyingine. Akajizuia, kwa sababu alimwona mzee amenyooka mgongo, na hajawahi kumwona amenyooka hivyo tangu amjue.

"Bwana Bethuel," Lakhbir alisema, "shika upande ule."

Bethuel aliangalia nyuma kuona bwana gani ameingia. Kisha akaelewa, akaja, akashika upande ule. Edah alilisikia neno hilo, akaliweka mahali ambapo halitapotea.

Jiwe lilizunguka, maji meupe ya kupoozea yakarukia kuta, na vinundu vilivyoishinda Nakuru vikaanza kupungua. Kwanza Lakhbir alifanya kazi kama mtu aliye mazikoni. Halafu, taratibu, akaanza kumkaripia Vinubhai kwa Kigujarati na Bethuel kwa Kiswahili, na mashine akaikaripia kwa Kipunjabi. Akaomba taa isogezwe. Akaanza kupiga mbinja.

"Unasikia?" Bethuel alimnong'oneza mkewe, uso umelowa. "Hivyo ndivyo alivyokuwa Kisumu."


Mlimani Wales, asubuhi yenye ukungu mwepesi, wanachama walisimama wakisikiliza injini za wageni. Ya Bethuel ilikuwa inazunguka taratibu, bila kelele, tik tik tik. Mwenyekiti, aliyeisikia ikinguruma mwezi mmoja kabla, aliinua nyusi, akauliza mbele ya watu kama mwaka huu wamekuja na cherehani. Walicheka, na Bethuel akajaribu kucheka nao.

"Cherehani hushona mpaka mwisho wa kitambaa," Edah alimwambia mwenyekiti kwa Kiingereza cha wodini, kile cha kuwaambia madaktari. Akapanda, akakaa, akafunga mkanda wa kofia.

Lakhbir na Balwinder walikuwa wameshatangulia juu na gari la chai, maana hakukuwa na usafiri mwingine. Balwinder alibeba sambusa. Lakhbir, bingwa wa Nakuru, alipakata sanduku la vikombe, na hakulalamika.

Walianza kupanda. Mizigo pande zote, hema nyuma, Edah katikati. Barabara ilikuwa nyembamba na imesimama. Bethuel alipunguza gia, injini ikashusha sauti, na Edah akaisikia kule inakosikika kweli: nguvu inatoka chini, nzito, bila haraka. Kona ikatokea. Zizi lilelile, ukuta uleule wa mawe, kondoo wanatafuna wakiwatazama. Mwendo ulipungua, ukapungua tena, na mguu wa kulia wa Edah ukaanza kuinuka wenyewe, kwa mazoea, ili ushuke. Aliukandamiza pale pale kwa nguvu zote.

"Twende," aliiambia injini. "Twende mama, twende, usiniaibishe."

Bethuel alilala juu ya tangi. Injini haikupiga mayowe. Ilivuta. Ukuta wa zizi ukapita polepole kando ya goti la Edah, jiwe kwa jiwe, mpaka ukaisha. Mbele kulikuwa na anga tupu, gari la chai, na watu. Edah alijikuta analia kwa sauti ndani ya kofia, na hakuona haya hata chembe.

Lakhbir alikuwa amesimama mbali na wenzake, kaipa barabara mgongo, kitambaa cha vikombe mkononi. Hakuthubutu kutazama. Alisikiliza tu mpaka pikipiki ikasimama karibu yake, ndipo akageuka. Hakumtazama Bethuel wala injini. Alitazama viatu vya Edah.

"Mama Magdalene," alisema, "ulishuka?"

"Sikushuka, Fundi. Hata kidole."

Lakhbir aliwageukia Waingereza wote waliokuwa pale kileleni, akainua kitambaa cha vikombe juu ya kilemba chake, na akasahau kabisa yuko nchi gani.

"Hakushuka!" alipaza sauti. "Mnasikia? Hakushuka!"

Hakuna aliyeijua lugha ile, lakini walipiga makofi. Mwenyekiti mwenyewe alikuja na beji, akamvika Bethuel kifuani, akauliza injini kaitengeneza nani. Bethuel alimvuta Lakhbir mbele kwa mkono. "Huyu ndiye fundi wangu," alisema, na alilisema kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza.

Lakhbir alikuwa hasikii. Alikuwa ameweka kiganja juu ya injini, anaipapasa, na macho yake yalikuwa kwa mkewe, aliyesimama kwenye gari la chai na sinia la vikombe.

"Bwana Bethuel, niazime pikipiki," alisema. Kisha akamwambia Balwinder, kwa sauti ya mtu asiyejua kama atakubaliwa: "Unataka kupanda?"

Balwinder alilitua sinia. Akajipangusa mikono, akajifunga ushungi vizuri, akalichukua tena sinia, akamsogelea Edah.

"Nishikie vikombe," alisema.

Na Edah, aliyeapa kwamba hatakwenda na vikombe, alivipokea kwa mikono miwili.